Malele na Ndugu zao wa Mwambani

Kila mwalimu aliyefundisha elimu ya vitu aijua karatasi ya litimasi, ile igeukayo nyekundu ikichovywa katika maji ya ndimu, na buluu ikichovywa katika maji ya majivu. Walakini ni wachache wanaoweza kumjibu mtoto aulizaye rangi ile imetoka wapi. Asili yake ni kiumbe kidogo cha kijivu kiotacho juu ya miamba ya bahari, kisicho na jani wala mzizi wala ua. Na kiumbe hicho kina ndugu yake katika pwani yetu, ambao wazee waliwaita malele, wakawatia magunia na kuwapakia majahazini.

Wataalamu humwita yule wa mwambani Roccella tinctoria. Makao yake mashuhuri ni visiwa vya Kanari na Cabo Verde, katika bahari ya magharibi ya Afrika, juu ya magenge yaelekeayo bahari. Huning'inia kwa vishada, kama nyuzi nene zilizokatwakatwa, akiwa ameshikamana na jiwe kwa kikanyagio kidogo tu. Jiwe halimlishi, ni kiti chake. Maji yake huyapata katika ukungu na unyevu wa hewa itokayo baharini. Jua likiwaka hukauka hata akavunjika mkononi, nawe ungedhani amekufa; ukungu ukirudi hulainika na kuendelea na maisha yake kana kwamba hapakuwa na jambo. Malele wa kwetu wana umbo lilo karibu na hilo, ila wao wapenda zaidi magome ya miti na vichaka vilivyo karibu na maji ya chumvi, na kwa hiyo kuwachuma kulikuwa kazi nyepesi kuliko ile ya Kanari, kama tutakavyoona.

Je, ni mmea? Hapa ndipo penye neno kubwa, na ndipo tufundishapo visivyo. Mwaka 1869 Simon Schwendener, mtaalamu wa Uswisi, alitangaza kwamba viumbe vya namna hii si kitu kimoja bali ni viwili: kuvu iliyouzingira mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu. Kuvu hutoa nyumba na kuhifadhi unyevu. Mwani hupokea mwanga wa jua na kupika chakula, nao wote wawili hula. Katika Roccella mwani huo ni wa jamii yenye rangi ya machungwa. Wakubwa wa elimu hiyo walimcheka Schwendener. William Nylander wa Ufini, aliyewajua viumbe hawa kuliko karibu watu wote wa zamani zake, alikataa habari hiyo hata akafa mwaka 1899. Na huyo Nylander hakuwa mjinga hata kidogo: yeye ndiye aliyeonyesha mwaka 1866 kwamba katika bustani moja ya Paris viumbe hawa walikuwa wakitoweka kwa sababu ya hewa chafu ya mji, na hata leo watu hupima usafi wa hewa kwa kuwatazama wao. Lakini katika neno la ule uwili, haki ilikuwa ya Schwendener. Nayo habari haikuishia hapo, kwa maana mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba katika wengi wa jamaa hizi imo na kuvu ya pili, iliyo ya namna ya hamira.

Kwa hiyo neno kuvumwani, lililoundwa kwa kuunganisha kuvu na mwani, naliona kuwa jema sana, maana lataja wenye nyumba wote wawili. Malele na yawe jina la wale watoao rangi, kama wazee walivyotumia, na kuvumwani liwe jina la kabila zima. Kusema "majani ya mawe" au "ukoga wa mwamba" ni kumpoteza mtoto tangu neno la kwanza.

Sasa habari ya rangi. Ukimchemsha Roccella kwa maji matupu hupati zambarau. Rangi haimo ndani yake. Mna vitu viwezavyo kugeuka kuwa rangi, na vyataka amonia na hewa. Watu wa kale hawakuwa na amonia ya chupani, bali walikuwa na mkojo uliovunda. Walimsaga, wakamloweka humo, wakawa wakikoroga siku kwa siku kwa muda wa majuma, hata uji ule ukawa mwekundu, kisha zambarau. Sufu na hariri huipokea rangi hiyo vizuri, pamba huikataa, na jua huififisha upesi. Ukiongeza chokaa na magadi katika kazi hiyo wapata litimasi. Theophrastus Myunani aliandika habari za kitu cha mawe ya Krete kilichotia sufu rangi nzuri kuliko zambarau ya kweli, maadamu ni mpya, na wengi wasema ni huyuhuyu.

Kule Firenze ulikuwako ukoo mmoja uliotajirika kwa kazi hii, hata ukaitwa Rucellai, kwa jina la rangi yenyewe. Asimamaye mbele ya kanisa la Santa Maria Novella aweza kuliona jina hilo limechongwa juu katika uso wa kanisa, pamoja na mwaka 1470, kwa kuwa mtu wa ukoo huo ndiye aliyegharimia uso huo. Sijui kama wote waingiao kusali hukumbuka harufu ya mapipa yale.

Mali ya namna hiyo huvuta watu. Jean de Béthencourt, bwana wa Normandia, alipokwenda kuvitwaa visiwa vya Kanari mwaka 1402, rangi hii ilikuwa mojawapo ya vitu alivyovitazamia. Kwa karne nyingi baadaye watu maskini wa visiwa vile walishushwa kwa kamba katika magenge ili wamkwangue Roccella, na wengi walianguka wakafa. Kwa nini kujihatarisha hivyo? Kwa nini hawakumpanda karibu na nyumba, kama watu wapandavyo mhina au mnili?

Hawakumpanda kwa sababu hapandiki. Mbegu hana. Kuvu hutoa vumbi lake peke yake, nalo likianguka mahali pasipo mwani wake halifanyi kitu. Baadhi ya jamaa zake hutoa unga ambao kila chembe yake imebeba kuvu na mwani pamoja, lakini unga huo nao wataka jiwe lenye ukungu wake, chumvi yake na hewa safi, kisha wataka miaka. Katika karne ya 20 wataalamu, kama Vernon Ahmadjian wa Marekani, walijaribu kuwatenga wawili hawa na kuwaunganisha tena katika vyombo vya kioo. Kuvu ikiwa peke yake haikuwa na umbo. Ilikuwa donge tu. Wakaitia pamoja na mwani na kuwapa chakula kingi, nao wakakaa kila mmoja kivyake, wala hawakuungana. Walipopunguziwa chakula, na kuachwa wakauke kisha waloweshwe, wakauke tena, hapo ndipo kuvu ilipoanza kuukumbatia mwani. Haja ndiyo iliyowaunganisha. Sijasoma katika elimu ya viumbe jambo lililonishangaza kuliko hili.

Lililowezekana zaidi ni kuhamisha: kukata kipande kizima, kukifunga au kukigandisha juu ya jiwe lililo sawa na lile la kwanza, na kungoja. Vingine hushika, vingine hufa. Kwa biashara hakufai, kwa maana wengi wa hawa wa mwambani hukua kwa kiasi kidogo sana kila mwaka, na wale wakaao kama utando juu ya jiwe huenda wasifikishe milimeta moja. Akwanguaye genge lote leo huchukua kazi ya miaka mingi asiyoweza kuirudisha.

Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 wa London, alikuwa akitafuta kutengeneza kwinini, akapata badala yake rangi ya zambarau itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Biashara ya malele ya pwani yetu haikufa siku hiyo; Unguja iliendelea kuyauza ng'ambo kwa miongo kadhaa. Ila rangi za viwandani zilipozidi kuwa rahisi, magunia yalikoma, na neno lenyewe likaanza kusahauliwa. Vijana wengi wa pwani leo hawalijui.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi asikwangue. Awapeleke penye mti au jiwe lenye kuvumwani asubuhi kukiwa na umande, warudi adhuhuri kutazama jinsi alivyobadilika. Akihitaji kipande cha darasani na akate ncha moja kwa wembe, akiacha kikanyagio mahali pake.