Gitaa Lenye Daraja Linaloelea

Nyuzi sita za gitaa la umeme la aina hii huvuta daraja kwa mbele. Springi zilizofichwa mgongoni, zinazoweza kufika tano katika gitaa aina ya Stratocaster aliyoitoa Leo Fender mwaka 1954, hulirudisha nyuma. Daraja huelea katikati ya mvutano huo, kwa hiyo kukaza uzi mmoja hulegeza tano zilizobaki. Usumbufu wa namna hiyo si mgeni mkoani Kagera, Tanzania: enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya wa huko, kama inanga ya nchi jirani ya Burundi, hutumia uzi mmoja mrefu uliopitishwa huku na huko, na ukivutwa kipande kimoja, kinachofuata husikia.

Kutuni gitaa hili kwataka subira. Nyuzi zote hupitiwa mara tatu au nne, hadi daraja litulie. Nyuzi mpya huwekwa moja moja, ziwe za unene uleule wa zile za zamani. Daraja likiinama mbele, skrubu za springi hukazwa kidogo. Likizama nyuma, hulegezwa, kisha kutuni huanza upya. Uzi unaonasa kwenye nati iliyo mwishoni mwa shingo hulainishwa kwa risasi ya penseli. Anayechoshwa na hayo hukaza springi mpaka daraja lilale juu ya mbao.