Maji ya Kutazama na Maji ya Kunywa

Masomo: Yeremia 2:1–13; Yohana 7:37–39

Tunawasalimu nyote mlioko nyumbani, nanyi mlio wagonjwa vitandani, nanyi mliokwisha kuamka kwenda kutafuta maji kabla jua halijapanda. Maneno yetu ya leo yanawahusu ninyi hasa.

Wengi wetu tuliopata kufika Nairobi tumesimama mbele ya lile jumba refu la mikutano, KICC, lenye orofa 28, lililomalizika mwaka 1973. Katika uwanja wake Mzee Jomo Kenyatta ameketi katika sanamu ya shaba, kazi ya mchongaji Mwingereza James Butler, na chini ya sanamu hiyo palijengwa bwawa lenye mabomba ya kurusha maji juu. Mtu aliyetoka Kinango au Lungalunga, mahali ambapo maji hubebwa kichwani, akiona maji yakitupwa hewani hivi hivi hustaajabu. Pengine hujiuliza, “Maji haya yote yanatoka wapi, na yanakwenda wapi?”

Swali hilo ni jema, nasi tutalijibu. Chemchemi nyingi za mapambo za siku hizi hazitoi maji mapya. Pampu ya umeme iliyofichwa huyavuta maji ya bwawa na kuyasukuma katika bomba lenye tundu jembamba. Kwa kuwa tundu ni dogo na nguvu ni nyingi, maji hutoka kwa kasi, hupanda, kisha uzito wake huyaangusha. Huanguka mle mle bwawani, huchujwa takataka, na kusukumwa tena. Maji ya asubuhi ndiyo ya jioni. Yanayoongezwa ni kufidia tu yale yaliyokaushwa na jua au kupeperushwa na upepo. Tena maji hayo si ya kunywa, na umeme ukikatika hutulia.

Hapo zamani haikuwa hivyo. Huko Roma iko chemchemi maarufu iitwayo Trevi, yenye sanamu kubwa za mawe, iliyomalizika mwaka 1762. Lakini maji yake yaliletwa mjini kwanza kwa mfereji uliojengwa mwaka 19 kabla ya Kristo, wa urefu wa kilometa kama 20, ukifuata mteremko wa ardhi bila pampu yoyote. Watu walikunywa na kuoga. Sanamu zilikuja karne nyingi baadaye, kupamba mahali ambapo maji yalikuwa yakifika.

Hata pwani yetu inao mfano. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi ya nje ya mji, wenyeji wa mjini wakayapata bila malipo. Na sisi wa Kwale tunajua kwamba maji ya chemchemi za Marere, katika vilima vya Shimba, yamepelekwa kwa bomba mpaka Mombasa.

Basi tusidhani kwamba Mungu anachukia uzuri. Hekalu la Sulemani lilikuwa na birika kubwa la shaba, limebebwa na sanamu za ng'ombe kumi na wawili, nalo makuhani walilitumia kunawa. Uzuri una mahali pake. Jambo la kuangalia ni utaratibu: maji kwanza, kisha mapambo.

Jambo hili tulifundishwa hapa hapa Kwale, na hatukulipata kwa urahisi.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1983 serikali ya Kenya, pamoja na Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia, wafadhili wa Uswidi na chama cha KWAHO, walianza kujaribu pampu za mkono katika pwani hii ya kusini. Kutokana na majaribio hayo na yale ya Malawi ilipatikana pampu iitwayo Afridev, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Waliotengeneza pampu hiyo walikuwa na shabaha moja: mwanakijiji aweze kuitengeneza mwenyewe. Hufunguliwa kwa spana moja. Mpira ulio ndani, ule unaozuia maji yasirudi chini, hubadilishwa bila kung'oa bomba zima kutoka kisimani. Akina mama wa vijijini walifundishwa kuitunza, na kila kijiji kikachagua kamati yake ya maji.

Lakini mpira huchakaa, na mpira mpya hununuliwa. Pampu haifi kwa sababu kisima kimekauka. Mara nyingi hufa kwa sababu mchango mdogo wa kila mwezi haukutolewa.

Katika kijiji kimoja kati ya Ukunda na Msambweni, karibu na kanisa letu, pampu ya namna hiyo ilinyamaza kwa miezi mingi. Akina mama walirudia kisima cha zamani chenye maji ya chumvi. Miezi hiyo hiyo sisi, baraza la kanisa, tulikuwa tukikusanya fedha za kujenga chemchemi ndogo ya mapambo mlangoni pa kanisa, iwe ukumbusho wa Wakristo waliotutangulia. Tulikwisha kuchora ramani, tukachagua na rangi ya vigae. Kila Jumapili tulipita kando ya pampu iliyokufa, tukaingia kanisani kuomba kwa ajili ya wenye kiu.

Siku ya kutangaza mpango wetu, mama mmoja mzee aliinuka, akauliza kwa heshima, “Baba Kasisi, hayo maji yakisharuka juu, mtungi tutautega wapi?”

Watu walicheka, lakini sisi wa mbele hatukuweza kucheka. Hatukuwa na jibu.

Juma lile tulimwita fundi. Alifungua kwa spana moja, akabadilisha mpira na kipande kingine kilicholika, na kabla ya adhuhuri maji yalitoka. Fedha zote alizohitaji zilikuwa kidogo kuliko bei ya vigae vyetu. Kamati ya maji ilichaguliwa upya, Waislamu na Wakristo pamoja, maana kisima hakiulizi mtu dini yake, na mweka hazina akawa mama. Nasi tuseme kweli: baada ya miezi minne tulianza tena kusahau mchango, tukakumbushwa na mama yule yule.

Wapendwa, nabii Yeremia aliwashitaki watu wa Mungu kwa makosa mawili. Walimwacha Mungu aliye chemchemi ya maji yaliyo hai, na wakajichimbia mabirika yaliyopasuka. Katika nchi ya Yuda mvua hunyesha kwa majira, kwa hiyo watu walichonga mabirika katika mwamba na kuyapaka chokaa. Chokaa ikipata ufa, maji hunywea ardhini polepole. Wakati wa mvua hakuna anayejua. Birika linaonekana limejaa, mwenye nyumba anajisifu. Ni kiangazi kinachofunua ufa.

Tujichunguze. Kanisa laweza kuwa kama chemchemi ya mapambo. Watu ni wale wale, nyimbo ni zile zile, sadaka inatoka kwetu na kurudi kwetu kuwa mazulia na vipaza sauti. Tunapendeza machoni, lakini jirani mwenye kiu akija na mtungi wake hana pa kuutega. Hata mhubiri aweza kuzungusha maneno ya mwaka jana bila yeye mwenyewe kwenda chemchemini kwa maombi.

Sasa mtazame Bwana Yesu. Katika sikukuu ya Vibanda, kwa desturi ya Wayahudi, kuhani aliteka maji katika birika la Siloamu kwa chombo cha dhahabu, akayapeleka hekaluni kwa tarumbeta na shangwe, yakamiminwa madhabahuni. Yalikuwa maji ya kutazamwa na umati mkubwa. Siku ya mwisho ya sikukuu hiyo Yesu alisimama kati ya watu, akapaza sauti, akawaita wote walio na kiu waje kwake wanywe. Hakuikemea sherehe. Aliwaonyesha kwamba aliyekuja kutazama tu ataondoka na kiu yake. Akaahidi pia kwamba anayemwamini atakuwa na mito ya maji yaliyo hai itokayo ndani yake. Mto hauzunguki mahali pamoja. Huteremka kwa wengine.

Basi juma hili tufanye mambo mawili. Kwanza, kila mmoja aende kwa Kristo kwa kiu yake mwenyewe, bila kutegemea maji aliyokunywa siku aliyookoka. Pili, tuulize habari za pampu, mfereji au kisima kilicho karibu na kanisa letu. Je, kinatoa maji? Mchango umelipwa? Ni nani anayebeba mitungi kutoka mbali wakati sisi tunaimba?

Tuombe. Ee Bwana, Chemchemi ya uzima, utusamehe kwa kupenda kuonekana kuliko kutoa. Ziba nyufa zetu. Utunyweshe, kisha utufanye njia ya maji yako kwa jirani zetu, wa imani yetu na wasio wa imani yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.