Kinoo Kisicho na Nasaba

Mwenye kununua kinoo kikuukuu sokoni Rongai, karibu na Nakuru, hununua jiwe lisilo na nasaba. Walowezi wa Kizungu walilima huko zama za ukoloni, basi jiwe la ng'ambo si ajabu. Alioshe kwa sabuni na maji ya moto, mafuta ya zamani yatoke, kisha alitazame likiwa limerowa. La manjano lililogandamana na jeusi-zambarau laelekea kuwa la Ubelgiji. Mna chembe za garineti, nazo ndizo zinolazo. Jeupe lipenyezalo mwanga pembeni, huenda likawa la Arkansas, Marekani. Lakini Bonde la Ufa ni nchi ya volkeno: jiwe jepesi lenye vitundu, linywalo maji upesi, yamkini ni la hapo hapo. Likitoa povu kwa tone la siki, lina chokaa. Ni laini mno.

Nasi tulioamrishwa kunoa kisu ili mnyama asiteseke, twauliza kwanza kama jiwe linakula chuma. Alirowe, apitishe kisu: maji yakigeuka meusi, linakula. Ila asilitie mafuta kabla ya kulijaribu kwa maji. Yakishaingia, kuyatoa ni taabu.