Kabla ya Kuuliza Bei, Soma Namba

Chukua Toyota Premio tatu za kati ya mwaka 2001 na 2007, zote nyeupe, zote safi, uziegeshe pamoja. Chasisi ya kwanza inaanza na NZT240, ya pili ZZT240, ya tatu AZT240. Mpita njia ataona gari la aina moja. Fundi akifungua boneti atakuta la kwanza lina injini ya 1NZ-FE yenye cc 1,497, la pili lina 1ZZ-FE yenye cc 1,794, na la tatu lina 1AZ-FSE yenye cc 1,998, ile tunayoiita D4. Pampu ya mafuta, maunti, giaboksi na kontroboksi (kompyuta ya injini) zake hazilingani. Sasa mwenye lile gari la tatu akifika dukani na kusema anataka injini ya Premio, hajamsaidia muuzaji wala hajajilinda yeye mwenyewe.

Maombi ya namna hiyo husikika kila siku kwenye mitaa ya spea, iwe Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Magari yetu mengi yalikuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na injini za kubadilishia nazo huja hivyo hivyo. Nyingine hufika peke yake, nyingine hufika na sehemu yote ya mbele ya gari iliyokatwa, yaani nosikati. Injini ya mtumba iliyochaguliwa kwa makini inaweza kulitumikia gari miaka mingi, na sioni sababu ya mtu kuidharau. Kinachoniumiza ni kumwona mtu aliyejinyima mwaka mzima ananunua injini nzuri, isiyo na ubovu wowote, halafu inalala gereji imefunikwa turubai kwa sababu haikuwa ya gari lake.

Toyota, ambayo nitaishikilia katika makala hii kwa kuwa ndiyo iliyojaa barabarani kwetu, huzipa injini zake majina yanayosomeka. Herufi zilizo kabla ya kistari ni ukoo. Tarakimu iliyotangulia inaonyesha toleo ndani ya ukoo huo, na haina uhusiano na ukubwa wala ubora: 1ZZ ina cc 1,794 ilhali 3ZZ ina cc 1,598. Wapo wanunuzi wanaoamini kwamba 2 ni bora kuliko 1. Si kweli.

Uzito wa jina uko baada ya kistari. F ina maana ya kamshafti mbili juu, na valvu zilizopangwa kwa pembe finyu kwa ajili ya matumizi ya kawaida na kubana mafuta. G nayo ina kamshafti mbili, ila pembe ya valvu ni pana na injini imekusudiwa kutoa nguvu zaidi. E ni mafuta yanayopulizwa kwa udhibiti wa umeme. T ni turbo. S ni petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. V, kwenye dizeli, ni ule mfumo wa reli moja yenye shinikizo kubwa inayolisha nozeli zote. Herufi moja tu ikibadilika, umebadilisha mashine. 4A-FE na 4A-GE zote zina cc 1,587, lakini hedi ya moja si ya nyingine na tabia zake barabarani ni tofauti kabisa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba cc peke yake haitambulishi injini. 3S-FE ina kipenyo cha silinda cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86, jumla cc 1,998. 1AZ-FSE ina vipimo hivyo hivyo na jumla ile ile. Anayeuliza tu kama injini ni ya elfu mbili anaweza kupewa yoyote kati ya hizo na muuzaji asiwe amesema uongo. Kifuniko cha plastiki cha juu nacho kisikushawishi. Maneno VVT-i yameandikwa kwenye vifuniko vya injini chungu nzima zisizoingiliana, na kifuniko chenyewe hutoka kwa bolti chache kikahamia kwenye injini nyingine.

Mtego ninaouhofia zaidi siku hizi ni 1NZ-FXE. Ukoo ni NZ, cc ni 1,497, na kwa mtu mwenye haraka inafanana sana na 1NZ-FE. Lakini hiyo X ni ya gari la haibridi, Prius za awali na Aqua. Injini hiyo haina stata wala alteneta ya kawaida, kwa sababu mota za umeme za gari ndizo zinazoiwasha na kuchaji betri. Mgandamizo wake ni kama 13 kwa 1, wakati 1NZ-FE ya kawaida ni 10.5 kwa 1, na valvu za kuingiza hewa huchelewa kufunga kwa makusudi ili kubana mafuta. Muuzaji akikwambia "hii ni 1NZ", mwombe akuonyeshe herufi za mwisho.

Namba hizi husomwa wapi? Anza na gari lenyewe, kwa sababu herufi za mwanzo za chasisi zinazungumza. Katika NZE121, NZ ni injini na E ni ukoo wa Corolla. Katika ZZE122, injini imekuwa ZZ. AE110 ni Corolla yenye injini ya ukoo wa A. KZN185 ni Hilux Surf yenye KZ, na HZJ79 ni Land Cruiser yenye HZ. Mara nyingine herufi ya pili ya injini hudondoshwa na C kuchukua nafasi yake, ndipo Vitz yenye injini ya NZ inakuwa NCP. Wish nayo ina sura mbili: ZNE10 ni ya 1ZZ-FE, ANE10 ni ya D4. Ukizoea kusoma hivi, utajua gari lilizaliwa na injini gani kabla hujafungua boneti.

Neno ni hilo: lilizaliwa. Gari lililopita mikononi mwa watu wanne huenda lilishabadilishwa injini zamani, na chasisi haitakwambia. Kwa hiyo tafuta pia bati la utambulisho. Kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, mara nyingi limepigwa ndani ya chumba cha injini, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Hapo utakuta aina ya gari, jina la injini na cc zake, namba ya chasisi, rangi, na mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Kisha shuka kwenye bloku. Jina na namba ya injini huwa zimegongwa kwenye eneo lililosawazishwa, mara nyingi karibu na pale bloku inapokutana na giaboksi. Panafunikwa na oili iliyoganda, hivyo beba kitambaa, petroli kidogo na tochi. Bati na bloku zikipingana, iamini bloku. Na ukikuta namba imesagwa au imegongwa upya, ondoka. Bei hata iwe ya kutupa, usiinunue injini hiyo.

Giaboksi ndiyo inayosahaulika, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kuulizwa kwanza. Rudi kwenye ule mstari wa TRANS/AXLE. Kwa gia oto za Toyota, tarakimu ya pili hueleza idadi ya gia: U340E ina gia nne, A750F tano, U660E sita. E ya mwisho ni udhibiti wa umeme, na F huonyesha uendeshaji wa magurudumu manne. Giaboksi zinazoanza na K kwenye magari madogo ya gia oto ni CVT, zile za mkanda wa chuma zisizo na gia za kuhesabika, na zina oili yake maalumu. Aliyeweka humo oili ya gia oto ya kawaida ameanza kuiua. Bati likiwa limechakaa, upo ushahidi mwingine kwenye fungu la mwisho la jina la gari. Kwenye Corolla na Premio, herufi ya tatu baada ya kistari, mathalani katika AEPEK, ni ya gia: M ni manyuali ya gia tano, P ni oto ya gia nne, X ni CVT.

Mrudie sasa yule mwenye AZT240. Amechoka na D4, ambayo pampu yake ya shinikizo kubwa inaendeshwa na kamshafti na haivumilii petroli chafu. Anataka 1ZZ-FE, uamuzi ambao naweza kuuunga mkono. Lakini gari lake lina CVT, na 1ZZ haikai kwenye koti la giaboksi la AZ: matundu ya bolti hayakutani. Maana yake anahitaji 1ZZ pamoja na giaboksi yake, kama U341E, pamoja na kontroboksi, waya zake zote, na maunti za ZZT240. Nosikati nzima inayoonekana ghali mwanzoni huwa nafuu kwake kuliko kuokota kimoja kimoja. Na aangalie toleo la 1ZZ analopewa, kwa sababu za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kula oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na yaliziba.

Hata jina la giaboksi lisikufanye uharakishe. Manyuali za ukoo wa C zilifungwa kwenye injini za A, za NZ na za ZZ, ila koti la mbele linalopokea injini si moja. Beba kipimo, au bora zaidi, nunua giaboksi ikiwa bado imeshikana na injini yake, na flaiwili au toki konveta ikiwa ndani.

Kontroboksi inafuata. Gari la oto lenye giaboksi ya umeme hutegemea kompyuta kujua lini libadili gia, kwa hiyo kompyuta iliyotoka kwenye gari la manyuali haitaiendesha oto hata kama injini ni ile ile. Angalia pia throto: matoleo mengine ya injini moja yanavutwa kwa kebo kutoka kwenye pedali, mengine yanafunguliwa na mota ya umeme. Na kama gari ilikotoka injini lilikuwa na imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayotambua ufunguo, dai ufunguo wake. Bila huo injini itazungushwa na stata asubuhi hadi jioni bila kuwaka.

Upande wa dizeli kanuni ni hizo hizo, na jicho hudanganyika vile vile. Surf ya KZN185 ina 1KZ-TE, ya KDN185 ina 1KD-FTV, na zote mbili ni cc 2,982. Ya kwanza ina pampu ya mzunguko inayodhibitiwa kwa umeme, ya pili ina reli. Nozeli, pampu na waya havina undugu. Hiace nayo ina 3L ya cc 2,779 na 5L ya cc 2,986, ambazo kwa nje ni vigumu kuzitofautisha mpaka usome maandishi ya kwenye bloku. 1HZ yenye silinda sita na cc 4,164 inapendwa vijijini kwa sababu pampu yake ni ya kimakanika na haisubiri kompyuta, lakini anayetaka kuipandisha kwenye gari lililozaliwa na silinda nne ajue ni ndefu na nzito. Atachomelea maunti, atabadili radieta, na huenda akakata shafti. Kazi hiyo haimfai fundi anayejifunzia kwenye gari lako.

Kabla fedha haijabadili mikono, piga picha ya namba ya bloku na ya bati la giaboksi, uhakikishe namba hiyo ya injini imeandikwa kwenye risiti pamoja na jina kamili, herufi za mwisho zikiwemo. Kadi ya gari inabeba namba ya injini sawa na inavyobeba namba ya chasisi. Ukishaifunga injini, peleka mabadiliko hayo TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, ukiwa na risiti hiyo mkononi. Atakayelinunua gari lako baadaye atafungua boneti, atafuta oili kwenye bloku, na atalinganisha alichosoma na kilichoandikwa kwenye kadi.