Mtoto Anapochagua Somo Tusilolitaka

Ilikuwa Februari, saa nne usiku, nimetoka zamu miguu ikiniuma. Simu ikalia. Alikuwa binti yetu anayesoma chuo kikuu Marekani, katika mwaka wake wa pili. Kwao ilikuwa bado saa nane mchana.

“Shikamoo mama. Mwezi ujao natakiwa kutangaza somo langu kuu. Nimechagua historia.”

Nilikaa chini. Tangu akiwa darasa la tatu nilikuwa nawaambia akina mama wa kanisani kwamba huyu ndiye daktari wetu. Nikamjibu kwa hasira, “Hatukuuza shamba ili ukasome habari za watu waliokufa!”

Alinyamaza. Kisha akasema, “Usiku mwema, mama.” Wiki mbili hakupiga tena.

Mama mwenzangu, kwanza tuelewe mambo ya huko yalivyo. Kwetu Tanzania kijana huingia kidato cha tano na tahasusi yake, na chuo kikuu humpokea katika programu maalumu tangu mwanzo. Marekani shahada ya kwanza kwa kawaida ni miaka minne, yaani krediti zipatazo 120. Katika vyuo vingi mwanafunzi huonja masomo mbalimbali, na ifikapo mwisho wa mwaka wa pili hutakiwa kutangaza somo kuu. Uuguzi na uhandisi mara nyingi hudai uamuzi wa mapema zaidi. Udaktari kwa kawaida husomewa baada ya shahada hiyo. Hata aliyesoma historia anaweza kuomba, mradi awe amefaulu masomo ya sayansi yanayotakiwa na mtihani wa kujiunga.

Hayo niliyajua baadaye. Siku zile nilijua kulia tu, mpaka mume wangu aliponiuliza kwa upole, “Mama watoto, nani anayetaka kuwa daktari, mtoto au wewe?”

Swali hilo lilinichoma. Mimi nina stashahada ya uuguzi. Nilitamani udaktari, ada ikakosekana nyumbani. Ndoto ile nilimshonea binti yangu kama gauni, bila kumpima.

Nikampigia mimi. Safari hii niliuliza, nikasikiliza. “Kemia nafaulu mama, lakini kwa machozi,” alisema. “Historia naisoma mpaka nasahau kula.”

Yakikufika haya, usianze na hukumu. Mwulize mtoto ni masomo gani anayafanya vizuri, na wahitimu wa somo hilo katika chuo chake wamepata kazi zipi. Mhimize amwone mshauri wa masomo kabla ya kujaza fomu. Akiwa mgeni kama wetu, apite pia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa kuwa hati yake ya I-20 hutaja somo analosomea. Tena ajue kwamba somo kuu linaweza kubadilishwa, ila anayechelewa kubadili huenda akaongeza muhula, na muhula ni ada.

Zaidi ya yote, usikubali simu ikatike kwa hasira. Mtoto aliye mbali ana sauti yako tu.

Binti yetu alijaza fomu Machi. Sijaacha kabisa kuumia. Juzi mama mmoja aliniuliza baada ya ibada, “Daktari wetu hajambo?”

“Hajambo,” nikajibu. “Anasoma historia.” Sauti haikutetemeka sana.