Kuwafundisha Watoto Habari za Kuchuja Maji

Wakati wa masika maji ya mito na ya visima vilivyo wazi hugeuka rangi ya udongo. Mama huyaacha mtungini yatulie, kisha huteka yale ya juu. Desturi hii ni njema, lakini mtoto aionapo huenda akafahamu kwamba maji yakiwa meupe basi yafaa kunywewa. Kosa hilo ndilo tupendalo kulieleza leo, na njia tuionayo rahisi ni kumpa mtoto kazi ya mikono.

Twaeni chupa ya plastiki, mkate kitako chake, mwigeuze mdomo chini, na mdomoni mfunge kitambaa kwa uzi. Watoto waoshe changarawe na mchanga mara nne au tano, mpaka maji ya kuoshea yatoke safi. Wasipofanya hivyo mchanga wenyewe ndio utakaochafua maji, na somo litaharibika. Changarawe itangulie chini ili izuie mchanga usitoke, kisha mchanga ujazwe kupita nusu ya chupa. Wakinge bilauri, wamimine maji ya matope polepole. Yatakayotoka yatakuwa meupe kuliko yale yaliyotiwa. Hapo waulizeni: Tope limekwenda wapi? Waacheni wafukue mchanga walitafute wenyewe.

Wakiisha kufurahi, wajaze mchanga mwingine uliooshwa. Safari hii korogeni vijiko vitatu vya chumvi katika bilauri ya maji safi, wayapitishe mchangani. Maji hayo wasiyaonje kabisa. Matone machache na yawekwe juu ya sahani nyeusi juani. Yakikauka, chumvi itabaki nyeupe sahanini. Basi watoto watakuwa wameona kwa macho yao kwamba kitu chaweza kupita katika mchanga, na maji yasionyeshe dalili yoyote.

Vijidudu vya maradhi haviyeyuki kama chumvi, lakini ni vidogo mno. Vile vya kipindupindu, 500 vikipangwa mstari mmoja, urefu wake wapata kama milimita moja tu. Katikati ya chembe za mchanga wa chupa ile mna njia pana za kuvipitisha.

Huenda msomaji akauliza: Mbona miji mikubwa huchuja maji yake kwa mchanga? Swali hili lina haki. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, katika Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji ule ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, uliokuwa wakati ule mji wa peke yake, ulipakana nao upande wa chini wa mto, hata maji yake yalikuwa yamekwisha kupokea uchafu wa Hamburg. Lakini Altona ulichuja kwa mchanga, na maradhi hayakuenea huko kama kwa jirani yake.

Tofauti ni hii. Katika machujio ya namna ile mchanga hufika kina cha kama mita moja, na maji hushuka polepole sana, sentimita 10 mpaka 20 kwa saa. Juu ya mchanga huota utando wa utelezi wenye viumbe hai vidogo, nao hunasa vijidudu na kuvila. Utando huo hutaka siku nyingi, pengine majuma kadhaa, upate kukomaa. Chupa ya mtoto iliyotengenezwa asubuhi haina utando huo, wala maji hayakai humo.

Lakini msidhani kwamba kuchuja ni kazi bure. Maji ya matope hudhoofisha dawa ya klorini, na yakiwekwa juani katika chupa angavu, tope huukinga mwanga usivifikie vijidudu. Kwa hiyo kwanza yachujwe, ndipo yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa, au yachemshwe mpaka yatokote sana.

Siku ya somo, mama na aweke tayari mtungi wa maji yaliyochemshwa yakapoa, maana watoto wakicheza na maji hushikwa na kiu. Bilauri ya majaribio isitumiwe kunywea, na maji yaliyochujwa kwa chupa yamwagiwe mboga shinani.