Radio ya Wachimbaji: Muziki na Habari Vikae Nyumba Moja

Wandugu wa chimbo, wamama mnaopika kandokando ya mashimo, na ninyi jamaa mnaobaki Lokandu kungojea baba arudi na kilo zake mbili tatu za kasiterite, leo nataka tuongee juu ya radio.

Mwaka 2010, mwezi wa Septemba, Rais Joseph Kabila alisimamisha kazi ya kuchimba madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Sisi tulikuwa ndani ya pori. Habari ilitufikia kwa mdomo, tena ilikuwa imegeuka njiani mara tatu. Mmoja alisema ni juma mbili tu. Mwingine alisema Maniema yote imeuzwa kwa wazungu. Akapita mnunuzi mmoja, akatuambia: « Mawe yenu sasa ni takataka, lakini nawahurumia. » Mimi peke yangu nilimwachia kilo 40 kwa bei ya kutupa. Katazo liliondolewa mwezi wa Machi 2011. Kumbe yeye alijua namna ya kungojea. Sisi hatukujua hata tunangojea nini.

Na msidhani hatukuwa na radio. Tulikuwa nayo moja, ndogo, na betri zake zilikuwa nzima. Lakini vijana waliifungua kwa muziki tu. Saa ya habari ikifika, waligeuza sindano, juu habari zilianza na mambo ya wakubwa wa Kinshasa, kwa Kifaransa kigumu, mpaka mtu anasinzia. Hata mimi niligeuza. Siwezi kuwatupia vijana lawama peke yao.

Ndiyo sababu kila tukizungumza kwenye sendika juu ya radio ya wachimbaji, mimi nakataa pande zote mbili. Wazee wanasema: « Tunataka radio ya habari na mafundisho, si ya kuchezesha watoto. » Vijana wanasema: « Wekeni ngoma, habari tutazipata kwenye simu. » Lakini simu chimboni haina mtandao, na radio ya mafundisho tupu haina mtu wa kuisikiliza. Mtu ametoka shimoni mgongo unauma. Kwanza anataka wimbo. Ukimpa wimbo, atakaa. Akikaa, mwambie bei ya leo kwa dakika tano, kwa Swahili yake, halafu mrudishie wimbo. Hapo hageuzi sindano.

Hii si ndoto yangu. Wachimbaji wa Bolivia, kule Amerika ya Kusini, walifanya hivyo. Nao walikuwa wanachimba jiwe kama letu, la kutoa bati. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 walifungua radio zao wenyewe, zikafika zaidi ya 20, na sendika ndizo zilizobeba gharama. Wachimbaji walikatwa siku ya mshahara ili radio isizime. Ndani yake kulikuwa na muziki wa kwao, mpira, salamu za jamaa, matangazo ya msiba, na habari za kazi. Mwaka 1980, mwezi wa Julai, wanajeshi walipopindua serikali, radio hizo zilishikana moja kwa nyingine na kupasha nchi habari mpaka askari walipozifikia. Watu walizisikiliza kwa sababu walikuwa wamezoea sauti zile kila siku, hata siku za furaha.

Mwezi wa Oktoba 1985 bei ya bati ilianguka duniani. Wazee wetu wa SOMINKI, kule Kalima, Kailo na Punia, wanaukumbuka wakati ule. Bolivia pia wachimbaji kwa maelfu walipoteza kazi, na radio nyingi zikadhoofika juu aliyezilipa hakuwa tena na mshahara.

Hapa kwetu pia tuko na mfano. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa imekatika vipande, ikasema kwa lugha tano, habari na muziki pamoja. Ni radio ya nchi nzima, tunaishukuru. Lakini haiwezi kutaja kila boti iliyochelewa kati ya Kindu na Ubundu, wala jina la mgonjwa anayetafutiwa damu Lokandu.

Radio yetu ifanye nini basi? Asubuhi, saa kumi na mbili: wimbo, salamu, halafu bei. Bati inauzwa London Metal Exchange, na bei yake inajulikana kila siku ya kazi. Mtangazaji aisome, aeleze asilimia ya bati ndani ya kilo ni kitu gani, ili mnunuzi asitudanganye kwa mizani na kwa mdomo pia. Saa sita: hali ya mto na barabara, komunike za msiba na za wagonjwa. Jioni: muziki ulioombwa na wasikilizaji, na mchezo wa kuchekesha kama Mufwankolo alivyofanya Lubumbashi. Mchezo mmoja juu ya PDG wa shimo anayechimba kupita mita 30 zinazoruhusiwa na sheria utaingia kichwani kuliko hotuba yangu.

Kunabaki pesa. Petroli ya jenereta inakula, vibali vinalipwa, mtangazaji naye ana watoto. Mnunuzi mkubwa akijitolea kulipa yote, tukatae kwa heshima. Siku bei ya London itapanda, atasema isisomwe. Mwanasiasa ni vilevile. Tuanze na komunike na nyimbo za kuombwa, watu walipe kidogo. Halafu kila shimo litoe kipimo kimoja kwa mwezi, kiandikwe ndani ya kitabu, na kitabu kisomwe hewani watu wote wasikie. Ufunguo wa sanduku uwe kwa mama mmoja wa soko, si kwetu viongozi wa sendika.

Kwenye mkutano unaokuja kila shimo lilete mtu mmoja mzee na mmoja kijana. Mzee aje na orodha ya habari anazohitaji, kijana aje na orodha ya nyimbo. Tutaketi nazo mezani, tupange saa moja baada ya nyingine.